Dobi wa Cleveland: biashara yenye utu iliyosubiri oda kubwa miaka 9

Kila mara watu wanapoongelea mikoa iliyokufa kiuchumi, ile ambayo viwanda vilifungwa na vijana wameondoka, lazima atatokea mtu aseme dawa ni biashara zenye maadili ziungane, zisaidiane, pesa ibaki mtaani. Mi naikubali hiyo kauli na naipenda, ila nimechoka kuisikia inasemwa hewani tu, kwa hiyo nataka tuchukue kisa kimoja tukifungue chote, tuone wapi kilishika na wapi kilikwama. Kisa chenyewe ni Evergreen Cooperatives, mtandao wa kampuni zinazomilikiwa na wafanyakazi wake, wa Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani. Nimekichagua kwa sababu kinasifiwa sana kwenye makongamano lakini sehemu muhimu yake huwa inarukwa, nayo ni kwamba wale jamaa walikuwa na kila kitu, wahisani, mji, hospitali kubwa, wafanyakazi wenye moyo, na bado biashara yao ya kwanza, dobi wa viwandani, ilikaa miaka karibu 9 ikisubiri oda ya maana.

Tuanze na mji wenyewe. Cleveland ilikuwa mji wa pesa, Rockefeller alianzisha kampuni ya mafuta ya Standard Oil pale mwaka 1870, baadaye chuma, vipuri vya magari, meli za Ziwa Erie, kila kitu kilikuwepo. Mwaka 1950 ilikuwa na watu 914,808. Sensa ya 2020 ikakuta 372,624. Yaani zaidi ya nusu ya mji wamekwenda zao, na waliobaki wengi ni wale ambao hawakuwa na pa kwenda au waliokataa kuacha nyumba za wazazi wao. Katikati hapo kuna mambo mengi yalipita, mtaa wa Hough uliwaka moto kwenye vurugu za ubaguzi wa rangi Julai 1966, mto Cuyahoga ukashika moto 1969 kwa uchafu wa viwanda, Desemba 1978 mji ukashindwa kulipa madeni yake kwa mabenki, halafu miaka ya 2007 na 2008 nyumba zikanyang'anywa na mabenki mtaa kwa mtaa, mpaka eneo la Slavic Village likawa linatajwa nchi nzima kama mfano wa hilo janga.

Sasa hapa ndo pa kushangaza. Katikati ya huo umaskini kuna sehemu inaitwa University Circle, na pale kuna Cleveland Clinic, moja ya hospitali zenye jina kubwa duniani, kuna University Hospitals, kuna chuo kikuu cha Case Western Reserve, makumbusho, ukumbi wa muziki, vyote vimekaa karibu karibu. Hizi taasisi kwa pamoja zilikuwa zinakadiriwa kununua bidhaa na huduma za karibu dola bilioni 3 kwa mwaka. Na mitaa inayozizunguka, Glenville, Hough, Fairfax na mingine, ina watu kama 43,000 ambao kipato cha kati cha kaya kilikuwa kama dola 18,500 kwa mwaka wakati mradi unaanza. Mtu anaishi anaiona hospitali dirishani, ambulansi zinapita mlangoni kwake, na hakuna hata senti ya zile bilioni inayomfikia, maana sabuni inatoka jimbo lingine, chakula kinatoka mbali, mashuka yanafuliwa na kampuni ambayo makao yake wala hayajui.

Mwaka 2006 hivi Cleveland Foundation, mfuko wa jamii ulioanzishwa 1914 na ambao ndo wa kwanza wa aina yake duniani, wakawaita hao wakubwa mezani. Wakamleta Ted Howard wa Democracy Collaborative, taasisi aliyoianzisha pamoja na profesa Gar Alperovitz, na hoja yao ilikuwa nyepesi kuielewa. Kiwanda kinaweza kuhama kwenda Mexico au China, lakini hospitali na chuo kikuu havihami, majengo yao yako pale, wagonjwa wako pale, kwa hiyo hao ndo wa kujengea uchumi. Badala ya kumbembeleza mwekezaji wa nje kwa misamaha ya kodi aje kisha aondoke misamaha ikiisha, anzisha kampuni mtaani, zimilikiwe na wafanyakazi wenyewe, na hizi taasisi kubwa ziwe wateja.

Mwaka 2008 wakatuma watu Mondragon, kule Basque, Uhispania, ambako padri José María Arizmendiarrieta na vijana wake walianzisha ushirika wa kiwanda 1956 na leo ni mtandao wa makumi ya kampuni zenye wafanyakazi makumi elfu. Walichokichukua Mondragon si bendera ya ushirika, walichukua ule muundo wa kampuni nyingi kufungwa pamoja, mmoja akiyumba wengine wanambeba na wafanyakazi wanahamishwa kutoka huku kwenda kule. (Na hata huo muundo una kikomo chake, Fagor, kampuni yao kongwe ya majokofu na majiko, ilifilisika 2013, mtandao ukashindwa kuiokoa lakini wafanyakazi wengi walipangiwa kazi kwenye kampuni nyingine za mtandao.)

Najua msomaji wa Tanzania akisikia ushirika anakumbuka vyama vya pamba na kahawa, anakumbuka serikali ilivyovivunja 1976, anakumbuka wazee waliokopwa mazao wakafa hawajalipwa. Ni haki yake kuogopa. Ila huu ni ushirika wa aina nyingine, wa mfanyakazi anayemiliki kampuni anayoifanyia kazi, na uzuri wake uko kwenye vitu vidogo vya karatasi ambavyo nataka nivionyeshe.

Mfanyakazi anaingia, anafanya kazi miezi 6 ya majaribio. Baada ya hapo wenzake wanampigia kura. Wakimkubali anakuwa mwanachama, na hisa yake ni dola 3,000, pesa ambayo mtu aliyetoka jela juzi au mama anayelea watoto peke yake hana popote pa kuipata. Kwa hiyo hatoi kwa mkupuo, anakatwa senti 50 kwa kila saa anayofanya kazi. Piga hesabu: wiki ya saa 40 ni dola 20, kwa hiyo wiki 150, kama miaka 3, hisa imelipwa na hajaumia. Anakuwa na akaunti yake ya mtaji ndani ya kampuni, faida ikipatikana sehemu inaingia pale kwa jina lake, akistaafu au akiondoka anaondoka nayo. Bima ya afya analipiwa. Kila kampuni inatoa asilimia 10 ya faida yake kwenda kwenye mfuko wa kuanzisha kampuni nyingine. Na kampuni mama imewekewa nguvu ya kuzuia wanachama wasije kuiuza kampuni au kuihamisha nje ya mji siku bei ikiwa tamu. Hilo la mwisho mi naliona ni la akili sana, maana kampuni nyingi za wafanyakazi zimekufa kwa kufanikiwa, kizazi cha kwanza kinauza kinagawana, cha pili kinakuta geti limefungwa.

Afu kuna mpango wa nyumba. Cleveland ina nyumba tupu nyingi, kwa hiyo zinakarabatiwa, mfanyakazi anakatwa kwenye mshahara kiasi kisichozidi kodi ya kawaida, na ndani ya miaka 4 au 5 nyumba ni yake, imeisha. Kwa mtu ambaye benki haiwezi hata kumfungulia mlango kwa sababu ya rekodi yake, hii pekee ni kubwa kuliko mshahara.

Kampuni ya kwanza ilikuwa Evergreen Cooperative Laundry, yaani dobi wa viwandani, ilifunguliwa Oktoba 2009, Glenville. Jengo la kisasa, mashine zinazotumia maji chini ya galoni moja kwa kila ratili ya nguo wakati madobi wengi wa viwandani walikuwa wanatumia kama galoni 3, uwezo wa kufua ratili milioni 10 kwa mwaka. Mkopo wa bei nafuu ulipitia kwa serikali ya mji, kuna nafuu za kodi za serikali kuu, na mfuko wa jamii ulitoa dola milioni 3 za kuanzia mradi mzima. Malengo yaliyotangazwa: kampuni 10 na ajira 500 ndani ya miaka 5. Wakawa pia wanataja kwamba mfanyakazi akikaa kama miaka 8 anaweza kuwa na dola 65,000 kwenye akaunti yake.

Hapo ndo pa kusimama, kwa sababu hesabu zote hizo zilikuwa zimesimama juu ya kitu ambacho hakikuwa kimesainiwa. Hospitali zilikaa mezani, zilikubali wazo, viongozi wao walizungumza vizuri na mi siamini walikuwa wanadanganya. Lakini kiongozi wa hospitali anayekaa kwenye mkutano wa maendeleo ya mji si yule anayesaini tenda ya mashuka. Anayesaini ni mtu wa manunuzi, ana mkataba wa miaka kadhaa na kampuni kubwa, ana kundi la hospitali zinazonunua pamoja ili zipate bei, na juu ya meza yake ana watu wa kuzuia maambukizi wanaomuuliza shuka la mgonjwa limefuliwa kwa joto gani. Chumba cha upasuaji kinataka nguo zake asubuhi, zimekunjwa, zimehesabiwa, hakuna cha gari limeharibika. Huyo mtu hawezi kumpa kazi hiyo dobi mpya mwenye wafanyakazi 20 eti kwa sababu ni wazuri wa roho, akikosea yeye ndo anafukuzwa.

Kwa hiyo miaka ya mwanzo dobi aliishi kwa kazi za nyumba za wazee na wateja wadogo wadogo, mashine za ratili milioni 10 zikawa zinafanya chini ya uwezo, na mashine kubwa isipojaa inakula mkopo, umeme na mshahara vile vile. Faida ikawa hakuna, na faida isipokuwepo zile akaunti za mtaji zinabaki na ile hisa tu, zile dola 65,000 zikawa ni hesabu ya kwenye karatasi. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyekuwa mvivu. Kilichokosekana ni mteja mkubwa, basi. Nalirudia hili kwa sababu sisi huku tuna tabia, mradi wa vijana ukifa tunasema vijana hawana nidhamu, na mara nyingi hatujawahi hata kuuliza nani alikuwa ameahidi kununua.

Kampuni ya pili ilikuwa ya sola, na yenyewe ilijua kujipindua. Ilifunga paneli kwenye mapaa ya hospitali na majengo ya umma, halafu kwa sababu Ohio ina baridi kali na sheria za nishati ya sola zilikuwa zinabadilika badilika, ikaingia kwenye kuziba nyumba zisipoteze joto, baadaye taa za LED. Leo inaitwa Evergreen Energy Solutions. Ya tatu, Green City Growers, ilianza kazi 2013, ilikuwa grinihausi ya ekari 3 na robo katikati ya mji, mtaa wa Central, mahali palipokuwa na nyumba mbovu na viwanja vitupu, walikuwa wanalima saladi kwenye maji bila udongo, mwaka mzima hata theluji ikianguka. Nzuri kuangalia, gharama zaidi ya dola milioni 15 kuijenga, lakini saladi ni bidhaa ngumu jamani, unashindana na mashamba makubwa ya California yenye jua la bure. Wakasogea kwenye majani ya viungo, rehani hasa, ambayo inalipa zaidi kwa kila mita ya eneo, wakapata mteja wa kiwandani, Nestlé, aliyehitaji rehani mbichi kwa vyakula vyake vya kugandishwa vinavyotengenezwa karibu na mji. Angalia tena, kilichowashika ni oda ya kudumu, mteja aliye karibu anayechukua kila wiki.

Baada ya miaka 5 lengo la kampuni 10 na ajira 500 lilikuwa mbali, walikuwa na kampuni 3 na wafanyakazi wanaokaribia mia moja. Wapo waliosema mradi umefeli. Mi nasema hapana, ila waliotangaza lile lengo waliwakosea wafanyakazi, kwa sababu ahadi kubwa ndo iliyofanya mafanikio ya kweli yaonekane madogo. Watu mia wenye kazi ya kudumu, bima, na baadhi na nyumba zao, kwenye mitaa ile, ni jambo zito.

Kazi iliyofuata haikuwa ya kusisimua. Uongozi mpya uliingia, John McMicken akiwa mkurugenzi, wakakaa na hesabu, wakapunguza gharama, wakajenga rekodi mteja mmoja mmoja, siku baada ya siku mashuka yanarudi kwa wakati na yakiwa safi. Halafu 2018 Cleveland Clinic ikawapa kazi ya dobi wake, pamoja na kiwanda chake cha kufulia kilichoko Collinwood ambacho kabla ya hapo kilikuwa kinaendeshwa na kampuni kubwa ya nje. Wafanyakazi wa dobi wakatoka kama 50 kufika 150. Kwa saini moja. Watu waliokuwa wanafua mashuka yale yale kwenye kiwanda kile kile kwa ajili ya kampuni ya mbali wakafunguliwa njia ya kuwa wamiliki, mashine hazijabadilika, barabara haijabadilika, kilichobadilika ni faida inaenda kwa nani.

Fikiria hiyo saini ingekuja 2010. Najua hoja ya upande wa pili, kwamba 2010 hawakuwa tayari, kwamba wangepewa wangevurunda, na kuna ukweli ndani yake. Lakini kulikuwa na njia ya katikati: ungeweza kuwapa jengo moja la hospitali kwanza, wadi chache, kwa miaka 2, ukawapima, ukawaongezea. Dobi angejaza nusu ya mashine zake na kujifunza kwa kazi halisi ya hospitali badala ya kujifunza kwa mashuka ya nyumba za wazee. Taasisi zenye uwezo wa kutafiti moyo na ubongo haziwezi kushindwa kupanga tenda kwa awamu. Hapa ndo nawalaumu wakubwa wa mezani, na nawalaumu kwa heshima kwa sababu angalau walikaa mezani, wengi duniani hata hicho kiti hawakivuti.

Mwaka huo huo wa 2018 Evergreen wakafanya kitu kingine ambacho kwangu ndo kinaonyesha wamejifunza. Walianzisha mfuko wa kununua biashara ambazo tayari zipo. Marekani kuna wenye biashara wengi wazee, wanataka kustaafu, watoto hawaitaki duka la baba, na mnunuzi akija mara nyingi ni kampuni ya mbali inayofunga au kuhamisha. Mfuko unainunua kwa bei ya haki, unaigeuza kuwa mali ya wafanyakazi. Berry Insulation, watu wa kuziba nyumba baridi, na Phoenix Coffee, mikahawa inayojulikana mjini pale, zimepita njia hiyo. Faida yake ni kwamba unanunua kampuni pamoja na wateja wake, hauanzi tena na mashine tupu ukiomba Mungu oda ije.

Sasa ukubwa. Mtandao wote huu ni wafanyakazi mamia, kwenye mji uliopoteza zaidi ya wakazi laki 5. Asiwadanganye mtu kwamba Cleveland imefufuka kwa sababu ya dobi. Mtaa wa Hough bado una viwanja vitupu. Ila wazo lilisafiri, na liliposafiri likakutana na watu walioanzia upande wa pili, upande wa mnunuzi. Mji wa Preston, kaskazini mwa Uingereza, ulikuwa umeweka matumaini yake yote kwenye mradi wa maduka wa pauni milioni 700 uitwao Tithebarn, mradi ukafa 2011. Diwani Matthew Brown na wenzake wakaangalia mfano wa Cleveland, wakaongea na Ted Howard, wakashirikiana na CLES, taasisi ya utafiti wa uchumi wa mitaa iliyoko Manchester, na badala ya kuanza na kuunda kampuni wakaanza na kuzikusanya taasisi 6 kubwa, halmashauri, polisi, vyuo, shirika la nyumba, wakafungua vitabu vya manunuzi waone pesa inaenda wapi. Wakakuta asilimia 5 tu ndo inabaki Preston. Kufika 2016/17 ilikuwa asilimia 18, na kwa Lancashire nzima, mkoa ambao Preston imo, kutoka asilimia 39 kufika 79. Mkataba wa chakula cha shule, ambao kwa ukubwa wake kampuni ndogo isingeweza hata kuomba, waliukata vipande, mtindi peke yake, mayai peke yake, jibini peke yake, na wauzaji wa pale pale wanaochukua kwa wakulima wa Lancashire wakashinda.

Hicho ndo Cleveland haijakifanya kwa ukubwa unaotosha. Zile dola bilioni 3 zilikuwa zinapita University Circle kila mwaka, na kilichogeuzwa mpaka sasa kwenda kwa wafanyakazi wa Glenville na Collinwood ni mashuka, taa, paneli za sola. Bado kuna chakula cha wagonjwa, usafi, ulinzi, sare, ukarabati wa majengo, uchapaji, usafirishaji, na kila kimoja kina mkataba wenye tarehe ya kuisha na mtu wa manunuzi ambaye jina lake linajulikana.